Akiba ya Mshono

Mtaani walikuwa na msemo wao: nguo ya Fundi hukua na mwenyewe. Si uchawi, jamani. Ukimpelekea kitambaa, akakupima bega, akakupima kiuno, akakupima hata pale usipopenda kupimwa, alichokata hakikuwa sawa na alichopima. Aliongeza. Kidogo tu, upana wa kidole, akaukunja ndani ya mshono ukalala humo kimya miaka na miaka. Siku moja ungerudi umeona haya, tumbo limetangulia mlangoni, gauni limekataa kufunga. Fundi angecheka, angefumua, angeitoa ile akiba, nawe ungeondoka umevaa gauni lilelile la harusi ya dada yako, dada ambaye sasa ana wajukuu.

"Kilichozidi hukunjwa," aliwaambia wateja. "Kilichopungua, hata ukikivuta kwa meno, hakiji."

Maneno hayo aliyarithi kwa shangazi yake aliyemfundisha kushona, pamoja na rula ya mti iliyomshukia vidoleni kila alipokata sawasawa na mstari. Kwa shangazi, kukata sawasawa na mstari lilikuwa ndilo kosa lenyewe. Na mtoto aliyefunzwa kwa rula hasahau. Fundi alipokuwa mtu mzima, akiba ya mshono ilikuwa imemwingia mpaka kwenye damu. Chakula cha watu wanne alikipikia watano. Ukimwomba kijiko cha chumvi, alikupa kijiko na kilima chake.

Sebule yake ndiyo iliyokuwa karakana. Cherehani dirishani, meza ya kukatia katikati, pasi imesimama juu ya tofali, magauni yaliyokwisha yamepangwa ukutani kama wageni wanaosubiri kuitwa. Na pale mezani, penye jua, juu ya kitambaa cha mtu, alilala Meneja.

Meneja alikuwa paka dume, rangi ya majivu, kifua cheupe kama shati la ofisini. Kazi yake ilikuwa kukagua. Mteja akiingia, Meneja alimtazama kuanzia viatu mpaka kichwa, kisha akafumba macho taratibu, na mteja akabaki anahisi kuwa ombi lake limekataliwa.

Hakuwa paka wa Fundi. Alikuwa wa mama mkwe wake, aliyehamia hapo mtoto wa jicho alipoanza kumfunga macho yote mawili. Bibi yule alifika na sanduku moja, mto wake mwenyewe, na Meneja ndani ya kikapu cha mfuniko. Mwanawe, mume wa Fundi, alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu. Nyumbani alikuwa mgeni anayejua kabati la vikombe liko wapi. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wanawake wawili na Meneja, nao walielewana. Mama mkwe alikaa kwenye kiti chake karibu na meza, akachambua vifungo kwa kuvipapasa, akawatania wateja.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, mama. Mama Mapacha."

"Aa, nilijua. Sakafu imelia."

"Mama, jamani! Nimepungua."

"Umempungukia nani? Fundi, mfumulie mwenzako."

Halafu Meneja akaanza kunywa maji. Si kunywa kwa paka, kulamba mara tatu na kuondoka na heshima zake. Alikunywa kama rejeta ya lori inayovuja, akakojoa vivyo hivyo, akala sana na bado mgongo ukawa unachomoza mfupa kwa mfupa. Daktari wa mifugo, mwanamke mwenye nywele fupi na maneno mafupi, alimpima damu akasema ni kisukari.

"Paka?" Fundi aliuliza. "Kisukari? Huyu ana mawazo gani ya kumletea kisukari?"

Daktari alitabasamu kidogo, akampa kichupa cha insulini, mabomba ya sindano membamba kama uzi, mashine ndogo ya kupimia sukari na vijiti vyake. Akamweleza. Asubuhi na jioni. Ale kwanza, asipokula hadungwi. Kabla ya sindano, tone la damu kutoka ukingo wa sikio. Dawa, mistari miwili ya bomba. Kichupa kikae mlangoni mwa friji, kisitikiswe, kibingirishwe tu viganjani.

Nyumbani wakagawana kazi. Mama mkwe, ambaye macho yake hayangeweza kuona mistari ya bomba wala mikono yake kutulia, akawa mlishaji: kikombe kimoja cha chakula, alichokisawazisha kwa kidole. Fundi akawa wa sindano. Na kweli alikuwa na mkono. Aliikunja ngozi ya shingo ya Meneja kama anayekunja pindo, sindano ikaingia na kutoka kabla paka hajamaliza kupiga mwayo. Namba ya sukari aliiandika kwa chaki ya kushonea kwenye mlango wa kabati la nguo, palepale mbele ya wateja, ikawa mazungumzo ya karakana. Mtu alikuja kuchukua sketi, kabla ya salamu akauliza, "Meneja leo ngapi?"

Sasa sikiliza kilichotokea siku ya kwanza kabisa, kwa sababu yote yalitoka hapo. Fundi alivuta dawa mpaka mstari wa pili, akainua bomba kwenye mwanga. Ilikuwa imesimama sawasawa na mstari. Vidole vyake vikakumbuka rula. Akavuta kidogo tena, unyoya tu, upana usiofika hata nusu ya kwenda mstari wa tatu. Hakufikiri. Kama ungemuuliza wakati ule ametia kiasi gani, angekuambia mistari miwili, na angeapa.

Namba zilianza vizuri. Zilikuwa ishirini na kitu, zikashuka kumi na kitu. Kisha zikaanza kucheza. Asubuhi moja tisa, asubuhi ya pili ishirini na sita. Fundi akaitazama ile ishirini na sita ya chaki, akaona kama mtu amemwandikia tusi kwenye kabati lake.

"Mama," alisema siku hiyo, kwa upole bado, "hukumpa Meneja kitu? Maziwa yako ya chai?"

"Maziwa yangu yana sukari. Nitampaje?"

"Nauliza tu."

Alipouliza mara ya pili upole ulikuwa umepungua, na alipouliza mara ya tatu haukuwepo. Sukari ilizidi kupanda kila baada ya kushuka, na Fundi, kwa kuwa mwili ukinenepa nguo huachiwa akiba zaidi, akawa anavuta kile kinyoya mpaka karibu na mstari wa tatu, halafu kuupita. Mama mkwe naye alianza kujibu polepole. Zamani alisema "sikumpa." Sasa akawa anasema, "Sidhani kama nilimpa."

Mchana mmoja Mama Mapacha alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono juu kama aliyekamatwa, gauni limejaa pini, Meneja alipojaribu kushuka mezani. Miguu ya nyuma haikumfuata. Alianguka kwa ubavu, akanyanyuka, akatembea kama mlevi mpaka kwenye mguu wa cherehani, akaugonga kwa kichwa, akalala hapo macho wazi, mwili ukimtetemeka.

Fundi alimwacha Mama Mapacha na pini zake. Tone la sikio, kijiti, mashine. Namba iliyotokea ilikuwa mbili. Mbili na nukta. Akampigia daktari, simu ameibana kwa bega, na daktari akamwambia apake asali kwenye fizi, haraka, kidogo kidogo, asimmiminie kooni. Alipaka. Na hofu ikiingia kwa mtu hutafuta pa kutokea. Ya Fundi ilitokea mdomoni.

"Mama, leo ulimlisha?"

"Nilimlisha."

"Alikula?"

"Alikula, nilimsikia akitafuna."

"Ulimlisha, au unafikiri ulimlisha?"

Mama Mapacha alishusha mikono taratibu, pini zikamchoma, hakusema hata "uwi."

"Maana siku nyingine unampa vitamu," Fundi aliendelea, na yeye mwenyewe alijisikia akiendelea, kama cherehani ambayo mguu umeganda kwenye pedali. "Leo umesahau kumpa chochote. Dawa imeingia tumbo tupu. Unamuua kwa mikono yako, mama, na hujui."

Bibi alipapasa ukingo wa meza, akaushika.

"Kikombe nilikishika," alisema. "Au hicho kilikuwa cha jana?"

Meneja alifufuka. Asali ilifanya kazi yake. Kabla jua halijatoka mezani alikuwa amekaa, anajilamba fizi, amekasirika. Daktari alisema aletwe kesho yake, na bomba la sindano liletwe, na kichupa. Mama mkwe hakwenda. Alisema kule ni kwa watu wenye akili timamu.

Chumba cha daktari kilikuwa na meza ya chuma, mzani, na harufu ya dawa iliyochanganyika na mbwa. Daktari alimpima Meneja, akasikiliza habari za namba kupanda na kushuka, akakuna shingo. Kisha akachukua kichupa cha maji matupu, akakiweka mbele ya Fundi.

"Nionyeshe unavyovuta."

Fundi alikaribia kufurahi. Hapa ndipo alipokuwa na uhakika. Akabingirisha kichupa viganjani, akakigeuza, akavuta, akagonga bomba kwa ukucha mapovu yakapanda, akayatoa. Akalikabidhi kwa daktari kama anayemkabidhi bibi harusi gauni lake.

Daktari alilipeleka dirishani.

"Nilikwambia ngapi?"

"Miwili."

"Na hapa dawa imefika wapi?"

"Miwili. Hiyo ya juu ni akiba ya mshono."

Alilisema hivyo hivyo, kama mtu anayetaja jina lake. Kisha akalisikia. Neno lilikuwa limekaa juu ya meza ya chuma, kati ya Meneja na mzani, na hakuna mtu aliyeweza kulirudisha.

Daktari hakucheka. Ingekuwa nafuu kama angecheka.

"Hii ni karibu mara mbili ya dawa yake," alisema. "Ukimshusha sukari kupita kiasi, mwili unajitetea, unamwaga sukari uliyoificha. Ndiyo maana asubuhi unakuta imepanda. Wewe unaongeza dawa, anashuka tena zaidi. Hakuna mtu aliyempa maziwa." Akaweka bomba chini. "Nani anamlisha?"

"Mama mkwe wangu."

"Mshukuru sana. Kama asingekuwa anamlisha vizuri na kwa wakati, ungekuwa umeniletea maiti zamani."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Alimrudisha Meneja kikapuni, akafunga mfuniko, akafungua tena kuhakikisha kwamba amefunga. Njiani alitembea upande wenye kivuli ingawa hapakuwa na jua kali. Alipanga maneno. Atafika, ataweka kikapu chini, atasema. Ni sentensi moja tu, mama, nilikosea mimi. Mtu hafi kwa sentensi moja.

Mlangoni kulikuwa na viatu vya wifi yake.

Dada wa mume wake alikuwa na duka la viatu mtaa wa mbali na ulimi uliochongoka kama visigino alivyouza. Alikuwa amekaa kitandani kwa mama yake, amemshika mkono, na macho ya bibi yalikuwa mekundu.

"Mama amenipigia simu," wifi alisema. "Anasema nije nimchukue paka kwa sababu yeye anamuua. Hajalala. Wifi, daktari kasemaje?"

Basi hapo ndipo palipokuwa mahali pake pa kusema. Sentensi ilikuwa mdomoni, imeshapangwa, imeshapigwa pasi. Lakini mbele ya wifi? Wifi ambaye siku zote alisema kaka yake angeweza kuoa mahali pengine? Fundi alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa kitu kingine.

"Amesema turekebishe dawa kidogo. Mistari miwili kamili."

"Si nimekwambia," bibi alimwambia binti yake. "Fundi hana kosa, ana mkono. Mlishaji ndiye mbovu. Mchukue, mwanangu, kabla sijafanya la kufanya."

Wifi akanyanyua kikapu. Fundi akampa kichupa, mabomba, mashine, vijiti. Akamwonyesha.

"Mstari wa pili," alimwambia. "Usipite. Hata kidogo."

"Ndivyo unavyofanya wewe?"

Walikuwa wamesimama karibu sana, kichupa kiko kati yao.

"Ndiyo," Fundi alisema.

Neno dogo hilo. Mtu anaweza kulitamka huku anapumua.

Siku zilizofuata karakana ilikuwa na nafasi mezani. Jua lilikuja likalala peke yake juu ya vitambaa. Wateja walitazama kabati, chaki ilikuwa imeishia kwenye ile mbili, wakatazama pembeni. Na mama mkwe akawa mtu anayeomba ruhusa. Aliuliza kama amekunywa dawa yake ya presha. Aliuliza kama mlango wa nyuma ameufunga yeye au upepo. Aliomba kibiriti kifichwe. Asubuhi moja Fundi alimkuta jikoni amesimama na kijiko juu ya kopo la sukari, hakishuki, hakirudi.

"Nimeshatia?" bibi aliuliza.

"Mama, wewe ndiye mwenye kijiko."

"Najua. Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Fundi alimtilia sukari, akakoroga, akaweka kikombe mkononi mwake, akaenda kukaa kwenye cherehani bila kushona. Mara ngapi alifungua mdomo wiki ile, hata yeye hakuweza kusema. Alijiambia kesho. Alijiambia paka akishapona. Alijiambia mambo mengine, na yote yalikuwa na akiba ya mshono. Kila moja liliacha nafasi ya kujificha ndani yake. Usiku mume wake alipopiga simu kutoka barabarani akauliza hali ya mama, alijibu, "Yupo, uzee tu," kisha akajifunika shuka mpaka kichwani kama mtu anayeonekana.

Halafu wifi akapiga simu. Mama Mapacha alikuwa amekuja kujaribu lile gauni, kwa hiyo alisikia yote. Bibi aliweka sauti ya simu juu kwa kuwa hakuona pa kubonyeza pengine.

"Mama! Meneja leo sukari yake tisa! Jana kumi! Amenenepa, amemkagua jirani yangu mpaka ameondoka. Nilijua tu, akipata mtu wa kumlisha bila kusahau atapona."

"Mungu mkubwa," bibi alisema. "Afadhali." Akakata simu, akaiweka mapajani, akaipapasa kama anayetafuta kifungo. Kisha akatabasamu, na lile tabasamu ndilo lililomaliza kila kitu. "Kumbe kweli nilikuwa mimi. Nilikuwa bado nabishana na moyo wangu. Sasa nimejua, nimetulia."

Mama Mapacha alitikisa kichwa kwa huruma. "Usijilaumu, mama. Uzee hauna adabu."

Fundi alikuwa katikati ya mshono. Aliondoa mguu kwenye pedali. Cherehani ikazunguka kidogo peke yake, ikanyamaza.

"Hukuwa wewe, mama."

"Mwanangu, acha. Nimeshakubali."

"Hukuwa wewe. Ni mimi. Nilikuwa nazidisha dawa. Daktari alisema miwili, mimi niliongeza kama ninavyoongeza kwenye nguo. Kila siku, asubuhi na jioni. Kupanda kule nilikuwa mimi. Kuanguka kule nilikuwa mimi. Wewe hukusahau kitu. Daktari amesema wewe ndiye uliyemweka hai."

Gauni la Mama Mapacha lilikuwa limefungwa nusu mgongoni.

"Daktari alisema lini?" bibi aliuliza.

Fundi alilijua swali hilo. Alikuwa ameliogopa kuliko mengine yote.

"Siku ile ile. Kabla wifi hajamchukua."

"Kabla hajamchukua."

"Ndiyo."

"Ukaniacha nikiulizia sukari ya chai yangu."

Fundi alitazama miguu yake. Alitamani sakafu ifunguke, lakini sakafu ya nyumba yako haikufungukii. Inabaki hapo, na pini zimemwagika, na itabidi uokote.

"La sindano," bibi alisema polepole, "ni kosa la mkono. Mkono una mazoea yake, nauelewa. Hili la kunyamaza, ni la kiungo gani?"

Akanyanyuka, akapita akishika ukuta, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango taratibu. Angeubamiza, Fundi angeshukuru.

Mama Mapacha akaongea na ukuta.

"Na mimi nilishautangazia mtaa mzima kwamba mama akili imeondoka."

"Basi nenda ukautangazie na hili."

"Lote?"

"Lote. Na akiba ya mshono uitaje."

"Hilo halitanishinda," Mama Mapacha alisema kwa unyonge, kisha, alipofika mlangoni na mgongo wazi, "Fundi, nifunge basi."

Akamfunga.

Kwa wifi alipiga simu yeye mwenyewe, akasema kila kitu tena, na mara ya pili haikuwa rahisi kuliko ya kwanza.

"Mama alinipigia akilia kama mtoto," wifi alisema. "Na nikakuuliza. Nikakutazama machoni, nikakuuliza, ndivyo unavyofanya? Ukasema ndiyo."

"Nilisema ndiyo."

"Nina maneno mengi, wifi."

"Yaseme."

"Siyasemi kwenye simu. Nakuja nayo."

Alikuja nayo jioni, na kikapu mkononi, akayasema yote sebuleni, na Fundi aliyapokea amesimama. Kutoka kikapuni Meneja alitoka mwenyewe, mnene, akaruka mezani, akakagua. Akamtazama Fundi kuanzia viatu mpaka kichwa. Akafumba macho.

Mlango wa chumba ukafunguka. Bibi alikuja mpaka mezani, akanyoosha mkono hewani, na Meneja akaingiza kichwa chake chini ya kile kiganja.

"Ameshakula?" aliuliza.

"Bado, mama," wifi alisema. "Tumekusubiri."

Bibi akapima kikombe, akakisawazisha kwa kidole. Paka akala. Fundi akapima sikio, akasoma namba kwa sauti. Akavuta dawa. Hapo bibi akageuza uso upande wake, macho meupe yale, yasiyoona bomba wala mstari.

"Umevuta ngapi?"

"Miwili, mama."

"Na akiba?"

Wifi alikuwa pale. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, mteja mmoja alikuwa ameshaweka mguu ndani.

"Hakuna akiba, mama," Fundi alisema.

"Sikusikia."

"Hakuna akiba."

"Haya. Dunga."

Tangu hapo ikawa hivyo, asubuhi na jioni, awepo mteja asiwepo. Wateja walijifunza. Wengine walicheka, na mmoja alipodiriki kumwambia, "Fundi, nipimie kanga mbili, bila akiba," chumba kizima kiliangua kicheko na bibi akacheka kuliko wote. Fundi naye alicheka, shingo imemwaka moto. Hakuomba iachwe. Alijua ni nafuu aliyopewa, kuaibika kwa sauti mara mbili kwa siku, mahali pa kuaibika kimya siku nzima. Namba za chaki zilitulia kabatini, nane, kumi, tisa, hazina habari.

Lakini asubuhi nyingine, kabla ya wateja, bado humkuta jikoni. Bibi amesimama, kijiko kiko juu ya kopo, hakishuki. Labda ni uzee, kwa kweli ana umri. Labda ni kile alichotiliwa kichwani na mtu mwenye mkono mzuri. Fundi hawezi kujua, na hakuna daktari wa kumpelekea bomba hilo alitazame dirishani.

"Mwanangu, nimeshatia?"

Fundi huja akasimama karibu yake, asikichukue kijiko.

"Bado, mama," humwambia. "Tia."

Na husubiri hapo mpaka atie.